Kitwana na Mwanga wa Saa Kumi

Kitwana ni mdogo wangu wa kunifuata. Mama alikuwa hajamaliza kuninyonyesha mimi akaja yeye, na toka siku hiyo kazi yangu ni kumpisha. Nilimpisha ziwa, nikampisha kitanda, na baba alipozeeka nikampisha hadi chumba kikubwa cha uani, kwa sababu alisema mlango wake unaangalia magharibi. Mtu mzima anachagua chumba kwa ajili ya jua. Sisi wengine tunachagua chumba kwa ajili ya choo kuwa mbali.

Nyumba yetu iko Kariakoo, ile ya vyumba sita aliyojenga baba, bati limeshika kutu, ghorofa zimeizunguka kama watu wazima wamemzunguka mtoto aliyeanguka. Barazani wanauza mabegi ya shule na soksi, ukitaka kutoka nje lazima uombe njia. Lakini ukipita ukumbi ukatokea uani, kelele zinapungua. Hapo uani ndipo Kitwana alipofanyia kazi miaka arobaini.

Shule ya picha hajaenda. Alimbebea begi mpiga picha mmoja Mhindi wa Kigoa, na yule mzee alipohama nchi akamwachia kamera kuukuu. Ile kamera taa yake ilikuwa imekufa. Mafundi wakajaribu, wakashindwa. Mtu mwenye akili angetafuta kazi nyingine. Kitwana akaanza kutafuta jua.

Nitasema haki yake, maana mabaya yake nitayasema pia. Alikuwa anaona vitu ambavyo sisi tunavipita kila siku. Saa sita hapigi picha hata umpe nini. Anasema jua la saa sita linamkaa mtu kichwani kama ndoo, macho yanakuwa mashimo na kivuli cha pua kinashuka mdomoni kama masharubu. Bibi harusi mwenye masharubu nani anamtaka. Chini ya turubai la bluu hapigi, anasema watu wote wanakuwa kama maiti. Chini ya mwavuli mwekundu ndiyo, hata mgonjwa anaonekana ametoka kwenye sherehe. Akisimama na mtu barabarani anaongea, haangalii mdomo wa yule mtu, anaangalia shavu lake linavyopokea mwanga. Nimemwona akimshika bega muuza vitunguu, mtu hamjui, akamsogeza hatua mbili.

"We mzee vipi?" yule akamuuliza.

"Hapo ulipo sasa ndiyo wewe," Kitwana akamwambia. "Pale ulikuwa mtu mwingine."

Muuza vitunguu alicheka mpaka akaita wenzake.

Saa kumi ndiyo ilikuwa saa yake. Jua likishuka lilikuwa linapiga ukuta wa jirani uliopakwa chokaa ya njano, halafu linarudi uani kwetu taratibu, limeshapoa. Hapo sufuria nilizoanika, ndoo, nguo za wapangaji kwenye kamba, hadi ule mfereji wa maji machafu, vyote vilikaa kama vimeambiwa kuna mgeni anakuja. Watu wa pasipoti wakija saa nne, anawaambia warudi saa kumi. Wengine hawarudi. Nikimgombeza anasema, "Dada, sisi weusi taa ya usoni inatuumbua. Tunataka mwanga wa pembeni, uingie polepole."

Simu zilipokuja zikala kazi yake yote. Nikasema sasa amekwisha. Kumbe hawa vijana wanaouza vitu mtandaoni wakamgundua. Wakawa wanamletea viatu vya mtumba kutoka Mchikichini, mabegi, mashuka, anaviweka uani saa kumi anavipiga, na kiatu kilichovaliwa na Mzungu mpaka kikachoka kinaonekana kimetoka kwenye boksi leo asubuhi. Siku moja alikuja mwanamke na mkoba mkononi, amevimba.

"Huu siyo mkoba niliouona kwenye picha."

"Ni wenyewe, mama," Kitwana akasema. "Ila saa hizi ni saa sita. Uangalie tena jioni."

Mimi nilikuwa nyuma ya mabati yangu, yale yaliyougawa uani, nasikiliza. Nilicheka kimyakimya. Sikutaka mkewe anisikie nacheka.

Sasa nifike kwa mkewe.

Mkewe alikuwa Shamsa, wa Kilwa. Kitwana alimuoa mwaka uliofuata mvua za Elnino, zile zilizoijaza Jangwani mpaka watu wakapanda juu ya mabati. Mimi nilikuwa nimeolewa hukohuko Jangwani. Maji yalichukua godoro, yakachukua kabati, yakachukua na bahasha yenye picha zote za mwanangu Maimuna toka anatambaa. Mume wangu hakukaa sana baada ya hapo, kifua kilimuua. Nikarudi kwa baba na mtoto mmoja na ndoo mbili.

Maimuna aliolewa mwezi wa sita, mwaka uleule Kitwana alipooa. Harusi ilikuwa hapahapa. Nikamwambia Kitwana, mdogo wangu, sina picha hata moja ya mwanangu, nifanyie hii. Akanunua filamu ya picha thelathini na sita. Mchana kutwa hakugusa kamera, anasubiri. Ilipofika muda wake tukamtoa Maimuna uani, amepakwa hina mpaka kwenye viwiko, akakalishwa pale kwenye ule mwanga, wanawake wanapiga vigelegele, Kitwana anazunguka amepiga magoti kama anaswali. Alipiga thelathini na kitu. Akabakiza chache za wakati wa kumsindikiza. Akaiweka kamera dirishani, akaenda msikitini maana alasiri ilikuwa inampita.

Shamsa alikuwa na miezi miwili kwenye nyumba yetu. Yeye ndiye aliyekuwa na masufuria ya pilau nyuma, macho mekundu kwa moshi, na bibi harusi alipotolewa hakuna aliyemwita. Ndivyo tulivyo, mke mgeni ndiye anayebaki jikoni. Alipotoka akakuta Maimuna ameshaingizwa ndani na mlango umefungwa. Akaona kamera dirishani. Akaichukua, akakaa nayo pale pale juani, akaifungua mgongo ili amwone bibi harusi.

Alidhani yumo mle.

Mwanga ukaingia, filamu ikaungua yote. Kitwana aliipeleka kusafishwa hivyohivyo, akarudi na mkanda mweusi tii. Mimi sikupiga kelele siku ile. Nilisema mtoto yupo, tutampiga nyingine. Mwaka haukupita vizuri, Maimuna akafa na uzazi, na mtoto akaenda naye. Hakupigwa nyingine.

Toka siku tuliyomzika sikumsemesha Shamsa. Nilienda soko la Gerezani nikanunua mabati ya mtumba sita na mbao, nikaugawa uani katikati. Upande wangu choo na jiko langu, upande wao mlango wa Kitwana. Baba alikuwa hai bado, akasema Sitara, unajenga nini. Nikasema najenga amani.

Tulikaa hivyo miaka ishirini na sita. Tunachota maji bomba moja, tunapita ukumbi mmoja. Nikitaka kumwambia kitu nilikuwa namwambia mpangaji. Huyu wa sasa ni Angelina, mwanamke wa Masasi anauza korosho barabarani, tumemfanya mdomo wetu, maskini.

"Angelina, mwambie huyo mwanamke moshi wake unaingia kwangu."

Na Shamsa yuko hatua tatu, ameshika upawa. "Angelina, mwambie wifi upepo sijautuma mimi."

Angelina anasema, "Jamani, mmesikiana," anaenda zake.

Nilimfanyia mabaya mengine madogomadogo, sitayataja yote. Ila jambo moja niseme. Shamsa mwenyewe, toka siku ile ya filamu, hakukaa mbele ya kamera. Hakuna aliyemkataza. Sikukuu watu wote wanatoka na nguo mpya wanaenda kupiga picha Mnazi Mmoja, yeye anabaki. Hata kitambulisho hana, na harusi yao ilifungwa Kilwa usiku, jua halipo. Mke wa mpiga picha, na uso wake hauko kwenye karatasi yoyote duniani. Kitwana alimbembeleza miaka ya mwanzo. Baadaye akaacha. Mimi nilijua na moyoni nilikuwa nasema, vizuri, tuwe sawa.

Mwaka jana Shamsa akaugua ugonjwa wa ziwa. Walimkata, wakamchoma, nywele zikaondoka. Mwaka huu baada ya Ramadhani hospitali wakasema arudi nyumbani akapumzike, na kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Jioni moja nikamsikia nyuma ya bati anamwambia mumewe, sauti imekuwa kama ya mtoto.

"Kitwana. Sasa unaweza kunipiga."

Nikasikia kiti kinasogea.

"Uani," akasema Shamsa. "Saa kumi. Kama unavyowapiga watu wa maana."

Shida ni kwamba saa kumi haikuwepo tena. Ule ukuta wa njano walishauvunja, jirani aliuza, na upande wa magharibi ikawa inapanda ghorofa. Kila nguzo waliyoisimamisha Kitwana alikuwa anahesabu. Ghorofa ya pili ikachukua mwanga wa saa kumi na moja, ya tatu ikachukua wa kumi na nusu, ya tano ikabakiza giza la mchana, na wale vijana na viatu vyao wakaanza kwenda kwa watu wengine wenye mataa. Palibaki sehemu moja tu, kwenye kona, pale ambapo ngazi ya ghorofa ilikuwa haijajengewa ukuta. Kwenye ile nafasi jua lilikuwa linachungulia saa kumi kasoro, dakika kumi na tano, halafu basi. Na lilipochungulia lilikuwa linapiga mabati yangu.

Siku ya Jumatano akapita Elieshi, msimamizi wa lile ghorofa, kijana wa Kipare mwenye adabu, huwa anakuja kuchukua maji kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Kitwana akatoka kule kwake. "Elieshi, ule upande wa ngazi mnaufunga lini?"

"Jumamosi, mzee. Tofali zimeshafika."

"Hamwezi kuvuta mpaka wiki ijayo?"

Elieshi akacheka akidhani mzaha. Alipoona Kitwana hacheki akasema, "Mzee wangu, mimi naamrishwa."

Alipoondoka, Kitwana akazunguka bati akaja kwangu. Alikaa kwenye kigoda changu, mtu wa miaka sitini na nne, mikono katikati ya magoti.

"Dada."

"Najua unachotaka."

"Mabati mawili tu. Yale ya kona. Mwanga ufike mlangoni pangu. Nikimaliza nayarudisha mwenyewe."

"Kampige chumbani."

"Chumbani kuna taa ya bomba, ile nyeupe ndefu, dada. Itamfanya awe ameshakufa."

"Si anakufa?"

Nilisema hivyo. Kitwana aliniangalia, halafu akaangalia shavu langu, nafikiri hata pale alikuwa anatazama mwanga umekaa vipi. Akainuka.

Alhamisi Angelina akaniletea korosho ambazo sikuomba. Akakaa.

"Bibi, mabati tu."

"We una miaka minne humu ndani. Mimi nina miaka ishirini na sita ya mabati."

"Ndiyo maana nasema. Yameshaoza."

Nikamwambia arudishe korosho zake kwenye ungo. Akaziacha.

Ijumaa baada ya swala nikachukua nyundo. Sitaki mtu adhani nililainika. Usiku mzima nilikuwa nimemsikia Kitwana akitembea, na Kitwana ni mdogo wangu, nimempisha toka tumezaliwa, sikuona sababu ya kuacha sasa. Nilitoa misumari ya kona kwa mkono wangu. Bati la kwanza lilishikilia, la pili likaanguka lenyewe na kelele mpaka wapangaji wakatoka. Nikaendelea. Nilitoa yote sita. Ukianza kazi unaimaliza.

Kitwana alikuja akasimama kwenye ule uwazi. Hakusema asante, alijua ningemtukana. Akaenda kumleta mkewe.

Walimtoa yeye na Angelina, wamemshika huku na huku, wakamkalisha kwenye kiti mlangoni na mto mgongoni. Alikuwa amevaa gauni la kijani na mtandio mweupe, amepaka wanja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiko langu, na sasa hakukuwa na kitu kati yetu zaidi ya sakafu. Ndoo zangu hapa, ndoo zake pale. Nikaona ndoo zetu zinafanana, tumenunua kwa mtu mmoja.

Jua likaja kama alivyosema. Lilitokea kwenye ile nafasi ya ngazi, jembamba, likapita juu ya vumbi la saruji, likatambaa sakafuni pale yalipokuwa mabati, likafika miguuni kwake. Likapanda gauni. Likapanda mikono. Lilipomfika usoni, sijui niseme nini. Mimi siyo mtu wa maneno ya hivyo. Ule ugonjwa ulikuwa bado upo, mashavu yameingia, shingo imebaki mishipa. Lakini mwanga ulikuja wa pembeni, polepole, ukamkuta yule msichana wa Kilwa wa miezi miwili ametoka jikoni, macho mekundu kwa moshi, anamtafuta bibi harusi. Alikuwepo mle muda wote. Nilimwona wazi kama ninavyouona mkono wangu.

Kitwana alipiga goti. Akaweka kamera jichoni.

"Subiri," akasema Shamsa.

"Shamsa, mwanga unaenda."

"Subiri. Angelina, muulize wifi kama amenipa radhi."

Angelina aligeuka kwangu, kwa mazoea tu. Machozi yameshamjaa.

"Mwambie mabati nimetoa," nikasema.

"Sikuuliza mabati." Sasa alikuwa ananiangalia mimi. Toka nimzike mwanangu hatujaangaliana namna ile. "Wifi, mimi naondoka. Nimekutaka radhi. Nilikosea, nilikuwa mjinga, nilitaka kumwona. Nimekaa na ule mkanda mweusi moyoni miaka yote hii na wewe unajua. Niambie umenisamehe, mume wangu anipige."

"Dada," Kitwana akasema, kamera bado iko jichoni.

"Apige kwanza," nikasema. "Mengine baadaye."

"Hapana," Shamsa akasema. "Mwanga huu haufichi kitu, yeye mwenyewe kanifundisha. Akinipiga sasa hivi utaonekana uso wa mtu mwenye kosa. Ndio huo atakaokaa nao? Kila akiuangalia aone kosa?"

Jua lilikuwa limeshafika kwenye paji la uso.

Mnataka kujua kwa nini sikusema. Ni neno moja, mtoto wa madrasa analisema. Nilikuwa nalo mdomoni. Nililisikia limekaa juu ya ulimi. Lakini nilipotaka kulitoa nikamwona Maimuna kwenye kile kiti, na hina yake mpaka kwenye viwiko, na nikafikiri, nikisema hili, nani atakuwa amebaki wa kumkasirikia kwa ajili ya mtoto wangu kufa bila uso? Hasira ile ndiyo ilikuwa picha yangu. Nilikuwa sina nyingine.

"Dada, nakuomba," Kitwana akasema.

Nikainama nikachochea mkaa ambao haukuwa na kitu juu yake.

Na Kitwana naye nitamlaumu mpaka nakufa. Mwanaume mwingine angebonyeza. Kidole kiko pale, mke yuko pale, mwanga uko pale. Angebonyeza, na mwanamke angekasirika siku mbili, na picha ingekuwepo. Yeye aliambiwa asubiri akasubiri. Maisha yake yote ni mtu wa kusubiri, na siku ile moja ilipotakiwa haraka hakuwa nayo.

Mwanga uliondoka kwenye paji la uso ukapanda kwenye mtandio, ukapanda ukutani, ukawa mstari, ukawa hakuna. Uani ukarudi kuwa uani. Tulikaa pale wote wanne kama watu waliokosa gari.

"Nirudisheni ndani," Shamsa akasema.

Jumamosi asubuhi mafundi walianza tofali saa mbili. Kufikia adhuhuri upande wa ngazi ulikuwa umefungwa. Elieshi alipokuja kuchukua maji akakuta uani hauna mabati, akauliza, "Mmefanya usafi, mama?" Nikamwambia ndiyo.

Shamsa aliishi siku tisa zaidi. Mlango wao ulikuwa wazi na wangu ulikuwa wazi, na hakuna bati, na hakuna aliyevuka. Siku ya tatu nilipika uji nikampa Angelina ampelekee. Bakuli lilirudi limeoshwa. Sijui aliunywa au waliumwaga, na sikuuliza. Kitwana alikuwa anaweza kumpiga kwa simu, kwa taa ya bomba, kwa chochote. Angelina alimwambia. Alisema hapana, ameshakataa, sitamwibia uso wake.

Alipokufa niliitwa mimi, kwa sababu mimi ndiye mwanamke mkubwa wa nyumba na nimeosha maiti nyingi, wa Kariakoo nusu wamepita mikononi mwangu. Tukafunga shuka uani, tukawasha taa mchana. Nilimwosha kama inavyotakiwa, kulia kwanza, halafu kushoto. Alikuwa mwepesi. Nilipofika mikononi nikaona makovu ya mafuta, madogomadogo, ya miaka ya jikoni. Wenzangu walikuwa wanasoma, na mimi nilikuwa nasoma, na lile neno nikalisema pale, kwa sauti ndogo. Mmoja akaniuliza, umesemaje Bi Sitara? Nikasema nimeomba maji.

Halikuwa na kazi tena. Maiti haombi radhi wala hapokei. Kule msikitini waliulizwa wanaume, kuna mtu ana neno na marehemu, na wote wakasema wamesamehe, watu ambao hawakuwahi hata kumwona. Sisi ndani hatukuulizwa.

Sasa imepita arobaini. Kitwana kamera ameifunga kwenye kitambaa, iko juu ya kabati. Warithi wenzetu wanataka nyumba iuzwe na mimi sina nguvu ya kukataa, nani anang'ang'ania shimo. Saa nane mchana tunawasha taa uani ndipo tuone tunapokanyaga. Tunakaa wawili, mimi na kigoda changu, yeye na kile kiti. Hanilaumu. Ningependa anilaumu, ningejua pa kumjibia.

Jana alasiri alikuwa amekaa ameinamia simu, anapekua. Nilijua anatafuta nini, kwamba labda kwenye picha za viatu au za mashuka, nyuma kabisa, mkewe alipita na ndoo. Alipekua muda mrefu. Halafu akaizima akaiweka gotini.

"Dada," akasema. "Wewe uso wa Maimuna unauona bado?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu mwingine angemdanganya.

"Hapana."

"Toka lini?"

"Mwaka wa sita, wa saba. Kinachoondoka kwanza ni pua. Unajua alikuwa na pua, ila huioni. Halafu macho."

"Na sauti?"

"Sauti inakaa kidogo. Halafu siku moja unagundua ni sauti yako mwenyewe."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia na anataka aishike vizuri. Nje kwenye baraza walikuwa wanagombania bei ya begi. Kitwana akainuka, akaenda kuangalia sufuria kwenye jiko langu, akafunika, akaniuliza kama nimeshakula.